Nusu ya Vipandikizi

4 Machi

Chiriku wangu,

Barua hii inakujia na dereva wa lori la kiwanda cha dawa. Nimemsihi akukabidhi mkononi, na ukiona ina harufu ya majani ujue ilisafiri juu ya magunia. Simu sitaki. Simu ya nyumba hii ni moja, ya Baba, nawe wajua anavyoiweka spika akaiegemeza kwenye gilasi, kisha anakaa palepale akijifanya anatafuta miwani. Haya ninayotaka kukwambia si ya kusikilizwa na mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake.

Nataka kuondoka. Basi, nimeshaandika. Nina miaka arobaini na mmoja, na tangu Mama afariki nimekuwa yaya wa mbegu. Mbegu ya mmea huu wetu wa pakanga ni vumbi tupu. Ukipiga chafya, kitalu kimekwenda. Haifukiwi, hainyweshewi kwa juu, lazima sinia likae ndani ya beseni maji yapande kwa chini, asubuhi na mchana na jioni, na kivuli ukihamishe kila jua likihama. Ikiota, unahamisha mche mmoja mmoja kwa kijiti, kama Mama alivyofanya. Baba hataki mkono wa mtu mwingine uguse. Nikienda sokoni tu roho iko juu mpaka nirudi.

Sasa nimepata njia. Kuna kichaka nyuma ya ghala nilichokikata mwaka jana kabla hakijatoa maua. Kimechipua upya, tena majani yake ni makali hayasemeki. Nitakata vipandikizi kutoka kwenye kichaka hichohicho, nivichomeke kwenye mchanga na kuvifunika nailoni. Vikishika mizizi, kibarua yeyote mwenye jembe na akili timamu anaweza kuendelea navyo.

Nilipomwambia Baba alininunia siku nzima. Jioni tukakubaliana: nusu ya shamba mbegu, kama Mama, na nusu vipandikizi. Tukivuna, utapima wewe huko maabara ya kiwanda, maana mpimaji mwingine Baba hamwamini. Majani ya vipandikizi yakiwa na nguvu sawa na ya mbegu, shamba litaendeshwa na vibarua na mimi nina ruhusa. Yakipungua, nabaki na masinia yangu.

Utauliza ruhusa ya kwenda wapi. Unamkumbuka yule fundi aliyekuja kutengeneza mizani ya ghala mwaka juzi? Mwaka jana alikuja tena, na mwezi uliopita alikuja tena. Mizani haikuwa imeharibika.

Dada yako,
Tingatinga


19 Machi

Dada Tingatinga,

Nimecheka mpaka msimamizi wa maabara akaja kuona kama nimevuta hewa mbaya. Fundi wa mizani! Na mimi niliyekuwa nawaambia watu dada yangu ameolewa na kitalu. Msalimie shemeji, umwambie bado sijamkubali rasmi, nataka kwanza nimwone akila.

Habari ya kupima usiwe na shaka. Nasaga majani, naloweka, naingiza kwenye mashine, mashine inaniambia dawa imo kiasi gani. Haijui Mama wala Baba. Ila na wewe ucheze haki. Nusu zote mbili zivunwe siku moja, zianikwe kivulini pamoja, na samadi isizidi upande mmoja. Nakujua, utaanza kupendelea.

Mimi nimethibitishwa kazini, Dada. Sasa nina chumba changu peke yangu, kina dirisha linalofunguka na mlango wenye ufunguo. Jana nimekipaka rangi mwenyewe, nusu ya rangi iko ukutani na nusu iko kwenye nywele. Jioni nikirudi nakaa tu katikati ya sakafu nakitazama. Mtu akinikuta hivyo atanipeleka hospitali. Lakini wewe wajua tulivyolala watatu kitanda kimoja na shangazi anayekoroma, kwa hiyo hutanicheka.

Swali moja tu linaniwasha. Ukiondoka, nani atabaki na Baba?

Mdogo wako,
Chiriku


27 Aprili

Chiriku,

Kundi la kwanza la vipandikizi limeoza lote. Usitafute mchawi, ni mimi. Mwongozo wote unasema viwekwe unyevu kisha viachwe, lakini mtu aliyelelewa na masinia ya mbegu hawezi kuacha kitu. Nilikuwa nafunua nailoni asubuhi, mchana na jioni, naongeza maji kidogo, nachungulia, naongeza tena. Baba alinikuta nimeng'oa kimoja kuangalia kama kina mzizi. Alikwenda zake akipiga mluzi, nami ule mluzi naujua maana yake.

Kundi la pili nilijikaza. Nililifunika, nikamwomba mama jirani aweke kiti chake kati yangu na mchanga, na akiniona nasogea anifukuze. Vimeshika. Vyote, nakwambia, mizizi myeupe imejaa kama nywele za mtoto mchanga! Nimeshavipanda. Nimevibana kidogo, nipate vingi kwenye kila tuta.

Fundi amepata kazi ya kuongoza karakana katika mji mwingine. Anaanza Oktoba na anataka jibu kabla hajaondoka. Alisema taratibu, hakunisukuma, lakini alirudia mara mbili kwamba hana tena umri wa kusubiri. Na mimi sina. Usiku nalala mguu ndani mguu nje, kama mtu anayesubiri gari.

Uliuliza nani atabaki na Baba. Nilidhani unajua. Kiwanda kinafungua kituo cha kununulia majani hapa kwetu, nao watahitaji mpimaji. Baba amekwisha hamisha cherehani ya Mama kutoka chumba cha nyuma, amepiga dawa ya mchwa, na sasa anakiita chumba chako. Macho yake hayaoni vizuri tena, Chiriku. Juzi alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote ili nisijue.

Dada yako


15 Mei

Dada,

Ng'oa mmoja, acha mmoja. Pakanga ikibanwa inakimbilia juu kutafuta jua, majani ya chini yanapukutika, na unabaki na vijiti. Utaona uchungu kung'oa, lakini ng'oa. Vile unavyong'oa viweke kwenye mchanga tena, usivitupe.

Habari za kituo mimi sijazisikia hapa. Kiwanda hiki hutangaza mengi, na mengi huishia kwenye ubao wa matangazo. Hata kikifunguliwa, nani kasema watanipeleka mimi? Na chumba kimepigwa dawa ya mchwa bila mtu kuniuliza. Nimesoma barua yako mara tatu kutafuta mahali mliponiuliza.

Sisemi Baba si mzigo wangu pia. Nasema ningeulizwa.

Nina kazi nyingi, nitaandika vizuri siku nyingine. Mwambie Baba shikamoo yake naituma.

Chiriku


8 Agosti

Mdogo wangu,

Ile barua yako fupi nimeielewa, na una haki ya kukasirika. Nilizoea kupanga mambo ya nyumba hii kichwani mwangu nikasahau kwamba wewe si kikombe cha kuhamishwa kutoka kabati hili kwenda lile. Tutazungumza. Lakini kwanza nisikilize, maana siwezi kukaa kitako.

Tumevuna. Nusu ya mbegu ni kama darasa la watoto wa mama tofauti: huyu ananipita kichwa, yule ananifika gotini, mwingine ameshatoa maua kabla ya wakati na majani yake yamekwisha kuwa mepesi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mwaka, hata kwa Mama, nasi tuliona ni kawaida. Nusu ya vipandikizi imesimama sawa, kimo kimoja, rangi moja, yote ikiwa tayari siku ileile. Nilipunguza kama ulivyosema, na iliyobaki ikatanuka ikajaza nafasi yote. Majani makavu yamezidi ya mbegu kwa karibu nusu. Vibarua wawili walivuna upande wote wa vipandikizi huku mimi nimekaa kwenye ndoo nikiwatazama. Nilikaa, Chiriku. Mimi.

Baba aliyashika majani, akayanusa, akasema wingi si kitu, Mama yenu hakuuza wingi. Ni kweli, nami sikubisha. Kwa hiyo sasa yote yako mikononi mwako. Mifuko ni miwili: wenye uzi mweupe ni wa mbegu, wenye uzi mweusi ni wa vipandikizi. Majani yote niliyaanika kivulini pamoja, safu moja moja, sikupendelea.

Nimeshafua nguo zangu zote na kuzikunja. Kisha nikaona aibu, nikazikunjua nikazirudisha. Leo asubuhi nimezikunja tena.

Niambie kama ilivyo.

Dada yako,
Tingatinga


30 Agosti

Dada mpendwa,

Kaa chini kwanza.

Uzi mweusi haukufikia kipimo. Majani ni mazuri kwa macho, wingi upo, lakini dawa iliyomo ni ndogo, chini sana ya ile ya uzi mweupe. Kwa kiwango hicho kiwanda hakiwezi kupokea. Nadhani ni mizizi. Kipandikizi mizizi yake ni ya juujuu, haiendi chini kama ya mche wa mbegu, kwa hiyo mmea unanenepa bila kukomaa. Hayo hutokea.

Pole sana. Najua ulivyokuwa umeweka moyo wako hapo. Labda mwakani ujaribu kichaka kingine, au samadi ipungue. Shemeji kama ni mtu wa kweli atasubiri msimu mmoja, msimu mmoja si mwingi. Na Baba atafarijika kuwa nawe, yeye amezoea mkono wako.

Mimi nipo. Nimenunua pazia, la bluu. Kulikuwa na la kijani pia, nikasimama dukani muda mrefu nikishindwa kuchagua, mpaka mwenye duka akaanza kufunga.

Jipe moyo.

Mdogo wako


6 Septemba

Chiriku,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena nikaenda ghalani. Nimetafuna jani la uzi mweusi. Nimetafuna la uzi mweupe. Nikanywa maji nikaanza upya. Ulimi wangu umetafuna pakanga tangu sijaota meno ya pili, nao unasema la uzi mweusi ndilo kali zaidi.

Nikampa Baba bila kumwambia lipi ni lipi. La vipandikizi lilimkunja uso mpaka machozi yakamtoka. Akasema, "Hili ndilo la Mama yenu." Nikamwambia hapana Baba, hilo ni lile lingine. Nikamsomea barua yako. Akasema basi, kama mtoto amepima, amepima, sisi ni nani na meno yetu haya.

Pima tena, tafadhali. Mifuko niliyokutumia ina majani mengi bado. Sikuombi unipendelee. Nakuomba upime tena tu, maana fundi anakuja tarehe ishirini na nane na mimi sijui nitamwambia nini.

Dada yako


18 Septemba

Dada,

Nimerudia. Ni vilevile.

Uchungu si dawa. Shubiri ni chungu kuliko pakanga na haina hata chembe ya kile tunachopima hapa. Ulimi hauwezi kujua, wako wala wa Baba, hata ukitafuna shamba zima.

Tafadhali usiniombe tena. Kazi ni nyingi mno na kichwa kinaniuma kila siku.

Mdogo wako


5 Oktoba

Mdogo wangu,

Nakuomba radhi. Nilikusumbua kama vile wewe ndiye uliyepanda.

Fundi alikuja. Alikaa kwenye benchi la ghala, akaniuliza, nami nikamwambia asinisubiri. Aliuliza kama ni Baba au ni majani. Nikasema ni yote. Alikunywa chai yake hadi mwisho, akakagua mizani, akasema iko sawa, akaenda. Nililia baadaye, ghalani, nikamwambia Baba ni vumbi la majani. Nilimpenda, Chiriku. Sijawahi kuliandika neno hilo na sasa nimeliandika likiwa halina kazi.

Nilitaka kung'oa vichaka vyote vya vipandikizi vilivyochipua. Baba amenikataza. Anasema viache visimame, havijamkosea mtu. Nimenunua masinia mapya, ya zamani yalikuwa yanavuja. Leo nimeanza kuchekecha udongo wa kitalu.

Kichwa chako kinaendeleaje? Umwone daktari, usijitibu mwenyewe kwa kuwa unafanya kazi ya dawa.

Dada yako


21 Novemba

Kwa Mpimaji,

Jana bwana shamba wa kiwanda alikuja na gari, magunia yaliyoloweshwa na mkasi mpya. Ametumwa kuchukua vipandikizi kutoka kwenye vichaka vyetu ili vikapandwe kwenye mashamba mengine yote ya kiwanda. Nilimwambia amepotea njia. Akasema hakupotea: msimamizi wa maabara alikuta mabaki ya mifuko miwili rafuni, akaipima mwenyewe, na mmoja umepita kwa nguvu majani yote yaliyoletwa msimu huu. Nikamwuliza ni uzi gani. Akasema mweusi. Nikamwuliza tena, polepole, kama mtu anayeongea na kiziwi. Mweusi.

Nilimwomba simu yake nikampigia fundi. Alipokea. Nilimweleza yote, nami nilikuwa nahema kama nimekimbia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema anafurahi kwamba majani yalikuwa mazuri. Kisha akasema kuna watu wanamwita karakanani.

Nimekaa usiku kucha nikijaribu kukuchukia, nikakutana kila mara na kile chumba chako na rangi ya kwenye nywele. Ungeniandikia tu, "Dada, sitaki kurudi." Ningetukana, ningelia, halafu ningetafuta njia nyingine. Vipandikizi vilioza kwa sababu sikuweza kuviacha vikae, nikatafuta njia nyingine. Hukunipa hata nafasi ya kukasirika na wewe.

Naondoka hata hivyo. Bwana shamba anahitaji mtu wa kuzunguka mashamba hayo kuwafundisha watu kukata, kuchomeka, kupanda kwa nafasi, na zaidi ya yote kuacha nailoni ilivyo. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Jumatatu asubuhi gari linanipitia. Vibarua wanajua kazi, na mama jirani atampikia Baba kwa sasa.

Baba hajui. Nimemwambia ulikosea kupima. Alifikiri kidogo, akasema hata Mama yenu aliwahi kukosea, asisemwe sana. Anauliza utakuja lini kumwona. Mjibu yeye, mimi sitakuwepo.

Dada yako


29 Novemba

Baba, shikamoo.

Nimeandika herufi kubwa ili usome mwenyewe. Tafadhali usimpe mama jirani akusomee, na usiisome haraka.

Nitakuja Jumamosi na lori la kiwanda. Nimeomba likizo ya wiki mbili. Kazi ya kituo sijaiomba, na sijui kama nitaiomba, wala sitaki uandae chumba ukidhani nimeahidi. Nakuja kukuona na kukutafutia daktari wa macho. Mengine tutaulizana ana kwa ana, wewe na mimi, kwa sauti zetu.

Dada amekwambia nilikosea kupima. Nimemwandikia mara nne kupitia bwana shamba naye hajajibu, na sioni kwa nini ajibu. Amekudanganya kwa ajili yangu, baada ya yote niliyomfanyia, na nimeshindwa kula tangu nilipoisoma barua yake. Sitaki nifike hapo unipokee kama mtoto aliyeteleza.

Niliogopa kwamba Dada akiondoka mtaniita nirudi. Nilikuwa nimepata mlango wenye ufunguo kwa mara ya kwanza maishani, nikaona heri yeye abaki ndani kuliko mimi. Kama baada ya kusoma hili hutaki nije, mwambie dereva siku ya Ijumaa, nami nitaelewa.

Baba, sikukosea kupima. Nilipima vizuri, mara zote mbili.

Mwanao mdogo